Matokeo ya NECTA yakitoka: mwongozo kwa mwalimu wa Mtwara na Lindi

Matokeo yakitangazwa saa tano asubuhi, saa saba mchana kijiji kizima kinajua shule imepata sifuri ngapi. Wanaobaki gizani ni walimu wa masomo. Mkuu wa shule anapiga picha ya skrini ya sehemu ya juu ya ukurasa, anaitupia kwenye grupu la walimu, watu wanaweka dole gumba, imeisha hiyo. Mwalimu wa Jiografia hajui watoto wake wamepata nini, na mara nyingi hatajua mpaka siku ya kikao cha tathmini, ambako atakuta jedwali limeshaandaliwa na somo lake liko mkiani.

Mwongozo huu ni wa kukufanya uyajue matokeo ya wanafunzi wako mwenyewe, kabla hujasomewa na mtu. Hatua zinafaa kwa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita, ila nitaelemea kidato cha nne maana huko ndiko kwenye mambo mengi.

Kuna jambo moja la kuliweka kichwani tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zinalifuata. Baraza la Mitihani (NECTA) linakupa gredi tu. Halikupi maksi, wala halikurudishii karatasi ya majibu ya mtoto. Kidato cha nne, F inaanzia 0 mpaka 29, kwa hiyo aliyepata 4 na aliyepata 28 wote wanasomeka F, sawasawa. Ukitaka kujua kilichotokea kweli lazima uwe na vitu vyako vya kuweka pembeni ya ukurasa huo: orodha ya namba na majina, alama za moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa), na karatasi za moko zenyewe. Asiyekuwa navyo atasoma herufi na kuishia hapo.

Hatua ya 1: Jua msimu wako

Tarehe kamili haipo kwenye kalenda ya ukutani, na zile zinazozunguka WhatsApp wiki mbili kabla nyingi ni za kubuni. Tumia mazoea. La saba wanafanya mtihani Septemba, na matokeo huja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Desemba. Ya mwaka 2024 yalitoka 29 Oktoba. La nne na kidato cha pili huja Januari mwanzoni. Kidato cha nne hufuata mwishoni mwa Januari: 29 Januari 2023, 25 Januari 2024, 23 Januari 2025. Kidato cha sita ni Julai.

Kwa huku kwetu, angalia misimu hiyo inaangukia wapi. Ya la saba yanatoka watu wako kwenye korosho. Mzazi yuko shamba anaokota au yuko chama cha msingi anasubiri mnada, na mtoto yuko naye. Ya la nne na kidato cha pili yanakukuta wewe mwenyewe likizo, labda umeenda kwenu Songea au Mwanza, na kabati la ofisi ya taaluma limefungwa Tandahimba. Hivyo hatua ya pili hufanywa kabla ya kufunga shule.

Hatua ya 2: Andaa orodha kabla ya matokeo

Usiposoma hatua nyingine yoyote, soma hii.

Ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne hauna majina. Una namba ya mtahiniwa na jinsi. Namba yenyewe ni herufi S, tarakimu nne za kituo, mkwaju, halafu tarakimu nne za mtoto. Mwalimu anayefungua ukurasa bila orodha anaona safu ndefu ya namba na kuanza kukisia kwa kufuata mahudhurio ya darasani. Usikisie. Daftari la mahudhurio na orodha ya watahiniwa havifuati mpangilio mmoja. Kuna waliohama baada ya kusajiliwa, kuna walioacha shule na namba zao bado zipo, na mstari mmoja ukiruka, kila aliye chini yake anapewa matokeo ya mwenzake.

Nenda kwa mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule uombe nakala ya orodha rasmi ya watahiniwa, ile iliyotumika siku za mtihani. Shule za msingi, mwalimu mkuu anayo, na taarifa za kila mwanafunzi ziko kwenye mfumo wa PReM wa Baraza. Piga picha, kisha iandike upya kwenye daftari kubwa au kwenye Excel ukiwa na safu hizi: namba, jina kamili, jinsi, gredi ya somo lako kidato cha pili, alama ya somo lako kwenye moko, na nafasi tupu ya matokeo. Safu ya mwisho weka simu ya mzazi, na hakikisha ni ile inayopatikana sasa hivi. Huku watu hubadili laini kila msimu.

Ile gredi ya kidato cha pili haiandikwi kwa urembo. Waliofanya kidato cha nne mwaka 2024 walifanya kidato cha pili mwaka 2022, na matokeo ya miaka ya nyuma Baraza huyaacha wazi kwenye tovuti. Namba za watahiniwa hubadilika kati ya mitihani hiyo miwili, kwa hiyo ni jina tu litakalokuunganishia. Kazi hiyo inachosha, lakini ifanye mwezi wa Novemba ukiwa na utulivu.

Na karatasi za moko zisichomwe. Najua shule nyingi zinazigeuza kuwa za kufungia vitumbua ifikapo Desemba. Weka angalau za somo lako kwenye boksi mpaka Machi.

Kama umepewa kishikwambi, vile vilivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, orodha hiyo iweke humo na nakala nyingine kwenye simu.

Hatua ya 3: Fungua matokeo mahali sahihi

Anwani ni necta.go.tz, halafu sehemu ya matokeo, halafu aina ya mtihani na mwaka. Anwani yoyote isiyoishia na .go.tz iache, hata kama imepambwa nembo ya Taifa. Siku ya matokeo blogu za matangazo huzuka kama uyoga, zinakuzungusha kurasa sita na bando linaisha hujaona kitu. Kibaya zaidi ni faili za PDF zinazopitishwa kwenye magrupu, ambazo mtu yeyote anaweza kuzichezea.

Sekondari utakuta orodha ya vituo kwa alfabeti. Tafuta kwa namba ya kituo, usitafute kwa jina, kwa sababu majina yanafanana nchi nzima. Jina kama Mnazi Mmoja liko Lindi na liko Dar es Salaam. Pia tazama herufi ya mwanzo: S ni watahiniwa wa shule, P ni wa kujitegemea. Kituo kimoja kinaweza kuwa na kurasa zote mbili, na mwalimu mgeni akifungua ya P anaweza kupata presha bure.

Msingi unaingia kwa mkoa, kisha halmashauri, kisha shule. Namba za shule za Lindi huanza na PS08 na za Mtwara PS12. Hapa kwenye halmashauri ndipo watu hupotea. Shule ya Nanyamba haiko Mtwara Vijijini wala Manispaa, iko Nanyamba Mji. Masasi kuna ya Wilaya na ya Mji, Newala vilevile. Iliyokuwa Lindi Vijijini itafute Mtama.

Mtandao saa za mwanzo huwa mzito, kwa hiyo ukurasa ukigoma usiendelee kuubonyeza. Ngoja usiku wa manane au alfajiri. Ukifunguka mara moja, uhifadhi hapohapo kwenye simu kama ukurasa wa kusoma bila intaneti, au uchape kuwa PDF. Walioko vijiji vya kando ya Ruvuma wanajua simu inavyoweza kudaka mtandao wa Msumbiji na bando la hapa likakaa bure, basi weka mipangilio ya simu ichague mtandao kwa mkono. Wa Liwale ndani na visiwani Kilwa, mpange mapema mtu mmoja aliye mjini awatumie ukurasa mzima, kuanzia juu mpaka chini. Picha ya sehemu ya juu peke yake haikusaidii.

Asiye na intaneti kabisa ana njia ya *152*00#. Ukipiga, chagua Elimu, kisha NECTA, kisha matokeo, halafu aina ya mtihani, na uandike namba ya mtahiniwa pamoja na mwaka. Inakatwa hela kidogo kwa kila ujumbe. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja na simu ya kitochi, hii ndiyo njia bora. Kwa mwalimu mwenye watahiniwa themanini haifai.

Hatua ya 4: Soma mstari wa mtoto

Chukua mstari mmoja uusome polepole. Tuseme unakuta hivi:

F, 27, IV, CIV 'C' HIST 'D' GEO 'D' KISW 'C' ENGL 'D' BIO 'D' B/MATH 'F'

F ya kwanza ni jinsi, msichana. Inawachanganya hata wazoefu. 27 ni pointi, IV ni daraja. Pointi zinatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Binti huyu ana C mbili (6), D nne (16) na F moja (5), jumla 27. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35.

Kijijini watasema kapata foo, yaani la nne, basi. Mwalimu aone zaidi ya hapo. Historia na Jiografia zingekuwa C badala ya D, angekuwa na 25, daraja la tatu, na C nne mkononi. Anayetaka kidato cha tano anahitaji angalau C tatu, na huyu anazo mbili. Amekwama hatua moja kabla ya mlango. Foo yake haifanani hata kidogo na foo ya pointi 33.

Na hiyo ya 33 nayo ichungulie. Masomo saba yote yakiwa F ni 35. D moja na F sita ni 34, bado sifuri. D mbili na F tano ni 33, ameshavuka. C moja na F sita nayo ni 33. Kwa hiyo mwenye sifuri ya pointi 34 alihitaji somo moja tu lipande kutoka F hadi D. Ukikuta una watatu au wanne wa namna hiyo na somo lako ni mojawapo ya F zao, hapo ndipo kazi yako ya mwaka huu inapoanzia.

Mipaka ya gredi kidato cha nne: A 75 na kuendelea, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44. Kidato cha sita ni tofauti, A inaanzia 80 na kuna E na S, na daraja linapigwa kwa masomo matatu ya tahasusi. La saba kila somo ni la alama 50 na masomo ni sita, jumla 300. Kuanzia 121 mtoto yuko C na amefaulu. 120 ni D. Waeleze wazazi hilo mapema, kwa sababu wanaona D ya sekondari inahesabiwa kufaulu na wanadhani na huku ni hivyo.

Ukikuta ABS, mtoto hakufanya mtihani. W ni matokeo yaliyozuiliwa. Usimtangazie mtu kwamba mtoto wake ameiba mtihani. Mpeleke kwa mkuu wa shule, na shule iwasiliane na Baraza kujua sababu.

Hatua ya 5: Shuka chini ya ukurasa

Picha za skrini huwa haziteremki mpaka huku. Chini ya ukurasa wa kituo kuna jedwali la madaraja, halafu jedwali la masomo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, GPA na kiwango cha umahiri. Mstari wa somo lako ndio matokeo yako wewe.

GPA ya Baraza inasomwa kinyume na ya chuo kikuu. Ndogo ndiyo nzuri. Ni wastani wa pointi: tuseme una watahiniwa 40, A 2, B 4, C 14, D 12, F 8. Zidisha: 2, 8, 42, 48, 40. Jumla 140, gawa kwa 40, unapata 3.5. Fanya hesabu hii mwenyewe mara moja kwa mkono ili siku ukiambiwa somo lako limeshuka kutoka 3.5 hadi 3.8 ujue ni watoto wangapi wanazungumziwa. Kwa darasa la 40, hiyo tofauti ya 0.3 ni pointi 12, yaani watoto kumi na wawili walioteremka gredi moja moja. Ukiweka hivyo, unaweza kuwatafuta.

Tazama pia safu ya NO-CA. Hao ni watahiniwa ambao alama zao za tathmini endelevu hazimo. Kama safu hiyo ina namba, kosa si la mtoto wala la mtihani, ni la kujaza na kutuma alama, na linafuatiliwa ofisini leo, bila kusubiri kikao.

Kuhusu nafasi ya shule kitaifa: Januari 2023, Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Mimi niliona ni nafuu. Tulikuwa tunapoteza vikao vizima kubishana tumekuwa wa ngapi kimkoa, na hakuna aliyefungua jedwali la masomo.

Hatua ya 6: Jaza orodha yako

Sasa rudi kwenye orodha ya hatua ya 2. Kwenye simu, bonyeza vitone vitatu vya kivinjari, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, andika tarakimu nne za mwisho za mtoto, soma gredi ya somo lako, ijaze. Mkiwa wawili inakwenda haraka: mmoja anasoma namba na gredi, mwingine anaandika, kisha mnabadilishana kuhakiki kila mstari wa kumi. Ukimaliza, hesabu A zako, B zako mpaka F, na ulinganishe na jedwali la chini. Zisipolingana umeruka mtu.

Halafu piga rangi. Aliyepanda kutoka kidato cha pili, kijani. Aliyebaki palepale, mwache. Aliyeshuka, nyekundu. Fanya hivyo hivyo kwa moko. Kundi la kulikazia macho ni wale waliopata C kwenye moko na wakaanguka D au F taifa. Wakiwa wawili, ni bahati mbaya za kawaida, ugonjwa, msiba. Wakiwa kumi, ama moko ilisahihishwa kwa huruma, ama maswali yake yalikuwa yaleyale ya mazoezi ya darasani. Moko ya mkoa iliyosahihishwa na walimu wa shule nyingine huwa inasema ukweli kuliko ya ndani.

Hatua ya 7: Tafuta sababu kwenye karatasi

Toa boksi la karatasi za moko. Chukua za wale wekundu, tano au sita zinatosha, na utenganishe kitu kimoja tu: maswali waliyoacha wazi na maswali waliyojibu vibaya. Ni magonjwa mawili tofauti. Aliyejibu vibaya alielewa swali ila hana maarifa au ameyachanganya. Aliyeacha wazi karatasi nzima ya Baiolojia, huku darasani anajibu vizuri ukimuuliza kwa Kiswahili, hakushindwa Baiolojia. Mtoto huyu nyumbani anaongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na Kiingereza cha mtihani ni lugha yake ya tatu. Amekutana na neno la kuagiza asilolijua, akapita. Jaribu kwa kidato cha nne wapya: wape swali moja la moko ya mwaka jana kama lilivyo, siku inayofuata wape hilohilo kwa Kiswahili. Tofauti ya alama itakuonyesha ni kiasi gani cha F zako ni cha lugha.

Kisha rudi kwenye tovuti ya Baraza, sehemu ya machapisho, utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zile zinazoitwa CIRA. Zipo bure, kila somo lina yake, kwa kila mtihani. Zinaonyesha swali baada ya swali ni asilimia ngapi walifanya vizuri, kwenye maswali ya kuchagua walivutiwa na jibu gani la uongo na kwa nini, na zimebandika picha za majibu halisi, zuri na baya. Huchelewa kutoka kuliko matokeo, kwa hiyo Januari anza na ya mwaka uliotangulia.

Ushauri wangu kwenye kuzisoma: utangulizi na mapendekezo ruka. Kila mwaka utasoma kwamba watahiniwa hawakuelewa matakwa ya swali, hawakuwa na maarifa ya kutosha na Kiingereza chao ni dhaifu. Hilo unalijua. Nenda moja kwa moja kwenye picha za majibu mabaya, uziweke kando ya karatasi zako za moko. Ukikuta kosa lilelile, kwa mfano mtoto anayejumlisha vipeo wakati wa kutoa namba zenye vipeo, basi unalo somo la wiki nzima na mfano wa kuuandika ubaoni.

Angalia pia jedwali la mada mwishoni, lenye kijani, njano na nyekundu. Mada iliyo nyekundu kitaifa miaka miwili mfululizo, na wewe huwa unaifikia Septemba mnakimbizana na silabasi, ihamishe kwenye azimio la kazi iwe ya mapema.

Hatua ya 8: Kuwaambia wenyewe

Orodha yenye majina na gredi haibandikwi kwenye grupu la wazazi. Baraza lenyewe limeweka namba bila majina, iweje wewe uyarudishe? Tangu 1 Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mpigie mzazi, au mwite.

Mazungumzo huwa mafupi, na huanza na habari za kusikia tu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Wameniambia binti kafeli."

"Amepata daraja la nne mama, pointi ishirini na saba. Hajafeli. Yuko hapo karibu?"

"Yuko shamba, wanapalilia."

"Akirudi jioni nipigie mkiwa wote wawili. Kuna njia za kufuata nataka mzisikie pamoja."

Hizo njia uwe nazo kweli kabla hujapiga simu. Mwenye C tatu na zaidi, mambo yake yako kwenye Selform ya TAMISEMI, fomu ya kuchagua tahasusi (kundi la masomo ya kidato cha tano) na vyuo. Baada ya matokeo hufunguliwa dirisha la kubadili tahasusi na vyuo, na watoto wengi wa vijijini hulikosa kwa kuwa namba ya siri waliyojaziwa shuleni hawaijui. Waite waje na mkae nao kwenye kompyuta. Mwenye C mbili kama binti yule anaweza kurudia masomo mawili matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili una tarehe zake, na faini ya kuchelewa ipo. Mwenye sifuri afikiriwe ufundi: VETA iko Mtwara na iko Lindi, na vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwambie jina la kozi na chuo, usimwambie tu "nenda ufundi".

Wa la saba wanasubiri uchaguzi wa kidato cha kwanza, unaotangazwa na TAMISEMI na siyo Baraza. Mzazi akikuuliza mtoto kapangwa wapi siku ya matokeo, mwambie bado.

Wakati huohuo wape wazazi tahadhari moja. Siku hizi hupita watu wanaopiga simu wakijitambulisha ni wa Baraza, wanadai hela warekebishe matokeo. Hakuna huduma hiyo. Anayeamini gredi ya mtoto imekosewa hukata rufaa kwa Baraza kwa utaratibu wake na malipo yake, na kuna muda maalumu, kwa hiyo asikae nayo mpaka korosho ziuzwe. Kabla ya kumshauri alipie, fungua orodha yako. Kama mtoto alikuwa na F kidato cha pili na 15 kwenye moko, mwambie ukweli hiyo hela ailipie kurudia somo. Kama alikuwa na B kidato cha pili na 70 kwenye moko, na ghafla ana F, andika barua leo, uambatishe rekodi hizo, umpelekee mkuu wa shule aisaini.